Kikapu Kati Yangu na Mkwe Wangu

Rodah, Peresi na Mama Selina, tangu nirudi mmekuja kwangu mara nyingi, na kila mkija mnamtazama yule kondoo aliyefungwa nyuma ya jiko kisha mnanitazama mimi. Juzi Peresi akauliza waziwazi, "Huyu mnyama unamfuga au kuna mtu unamngoja?" Nilinyamaza kwa sababu Nekesa alikuwa ndani ananyonyesha, na ukuta wa jiko ni mwembamba. Ndiyo maana nimeandika, polepole, kwa herufi nilizofundishwa na masista kabla baba hajanitoa shule. Rodah awasomee wenzake. Mambo ya vibali na mihuri nimeyaacha.

Mnajua kwamba Nekesa wangu aliolewa na Ojok, Mlangi, askari polisi wa Kampala aliyekuwa akitengeneza pikipiki za kazi. Wanajeshi walipoanza kuwakusanya watu wa kabila lake, wenzake wa gereji walichukuliwa mmoja mmoja. Ojok akamleta Nekesa mpaka kituo cha basi akiwa na mimba kubwa, akamwambia aje kwangu. Yeye mwenyewe hakuweza kupanda. Kila mwanamume mwenye jina la kabila kama lake alikuwa akishushwa njiani na wanajeshi, na basi likaendelea bila yeye. Akajificha Kansanga, humo humo Kampala, kwa Mukhwana, mtu wa kwetu mwenye duka.

Mukhwana ndiye aliyeleta shauri. Alisema kijana peke yake juu ya pikipiki huulizwa maswali, lakini kijana anayempeleka mama yake mgonjwa nyumbani, watu humtazama mama. Basi akatakiwa mama. Mama yake Ojok yuko mbali, Lira. Nikasema nitakwenda mimi.

Peresi, wewe ulishika mdomo. Wote tunajua kwamba mama wa mke na mkwe wake hawashikani mkono, hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawakalii kiti kimoja. Na pikipiki ina kiti kimoja. Nilimwona Nekesa ananitazama kwa tumbo lile, nikafunga kikapu changu.

MALABA MPAKA KAMPALA

Kwenda hakukuwa na shida isipokuwa kungoja. Basi liliharibika kabla ya Iganga, tukakaa kwenye nyasi mpaka dereva, jina lake Kibuuka, alipopata mtu wa kumsaidia. Niliketi na mama mmoja wa Mukono anaitwa Topista, aliyenipa muhogo wa kuchemsha. Nilipomuuliza kijana wa tikiti jina lake, Topista akanivuta nguo, akaniita bibi kwa Kiganda.

"Jjajja, Uganda siku hizi watu hawaulizani majina."

"Mimi nauliza," nikasema. "Mtu akipotea, angalau jina lake liwe na mtu."

Akatazama barabarani. Basi lilipofika Mukono na yeye akishuka, alinishika bega akasema, "Mume wangu ni Erisa. Weka na hilo." Nimeliweka.

KANSANGA

Duka la Mukhwana lilikuwa na viberiti, na rangi ya buluu ya kufulia, basi. Sukari, chumvi na sabuni mtu alizisikia kwa jina tu. Nyuma kulikuwa na ghala, na Ojok alikuwa nyuma ya magunia. Aliposikia sauti yangu aligeukia ukuta, akanisalimu akitazama ukuta. Nami nikaitikia nikitazama mlango. Aliniwekea kikombe cha chai juu ya sanduku, akarudi nyuma, ndipo mimi nikasogea nikakichukua.

Mukhwana alicheka mpaka akakohoa. "Nyinyi wawili mtasafiri vipi? Mmoja leo na mwingine kesho?"

"Utatuwekea kikapu katikati," nikamwambia. "Cheka ukimaliza unionyeshe hiyo pikipiki."

Ilikuwa pikipiki ya Kiingereza, ya zamani, ambayo Mukhwana aliibebea mizigo kutoka soko la Kikuubo. Ugonjwa wake ulikuwa kelele. Ikiwa imesimama inanguruma polepole, upande wa kushoto ulipiga ka-ka-ka kama mtu anatikisa njugu kwenye mkebe. Ikienda, ilinyamaza. Mukhwana alisema injini inakufa. Ojok alisema hapana. Aliminya klachi, kelele haikubadilika, akasema klachi ni nzima. Kilichobaki ni cheni ya ndani, ile inayotoa nguvu kwenye injini kupeleka kwenye klachi, inayokaa kwenye sanduku la chuma lenye oili. Mimi nilidhani pikipiki ina cheni moja tu, ile ya nje inayovuta gurudumu.

Hatukuweza kuiwasha ovyo. Jirani alikuwa Nalongo Yusitina mwenye mashine ya posho, na tuliiwasha tu mashine yake ikiwa inasaga, ili watu wa barabarani wasisikie. Lakini mashine ikisaga, Ojok naye hakusikia kitu. Basi akaamua kuipima kwa kidole. Alitoa plagi, akaingiza gia, akaniomba nizungushe gurudumu la nyuma taratibu. Yeye alifungua kifuniko kidogo juu ya lile sanduku, akaingiza kidole akawa anaisukuma cheni juu na chini.

"Zungusha kidogo, mama. Ngoja. Tena kidogo." Alikuwa akiongea na gurudumu, si na mimi.

Halafu akaniambia nami nisikie. Alikwenda nyuma kwenye gurudumu, nikaja mbele nikaingiza kidole. Cheni ilicheza sana, kama unene wa vidole viwili. Alipozungusha zaidi, ikakaza chini ya kidole changu, ikawa inacheza kidogo sana.

"Haikuchakaa sawasawa," akasema. "Pana mahali pamelegea na mahali pamekaza. Mtu akiipima palipolegea akaikaza hapo, ikifika palipokaza itanyongeka, itakatika au itavunja beringi. Inapimwa palipokaza. Kule kwingine unaacha ipige kelele."

"Na wanajeshi wakiisikia?"

"Itapiga ikisimama tu, mama. Hiyo kelele si ugonjwa."

Mukhwana hakupenda. Alisimama mlangoni akitafuna njiti ya kiberiti. "Siku hizi chenye kelele ndicho kinachochukuliwa kwanza," akasema.

Oili ilikuwa imekwisha ndani ya sanduku. Nilitumwa Kikuubo mimi, kwa sababu kikongwe hapekuliwi sana. Pale watu walijaa kama kawaida, lakini meza zilikuwa tupu, na kila mtu alinong'ona. Bibi mmoja aitwaye Nambi aliniambia, "Oili hakuna, nyabo, hata sukali hakuna," kisha akanitumbukizia chupa chini ya ndizi zangu bila kunitazama. Ojok aliimimina, akaisogeza giaboksi mpaka cheni ikawa sawa palipokaza, akarekebisha na ile ya nje. Kisha akafunga.

Asubuhi ya kuondoka nilimpa jina. Nilimwambia njiani yeye ni Wafula. Ni jina la kitinda mimba wangu aliyekufa akitambaa. Rodah, wewe ulimbeba. Ojok aliinamisha kichwa, akasema, "Nitalitunza, mama."

KANSANGA MPAKA JINJA

Nalongo Yusitina alianza kusaga mapema ili tuwashe. Mukhwana alikiweka kikapu katikati ya kiti, nikakaa nyuma yake nikishika chuma cha kiti. Tukatoka, na kwa sababu ya ile mashine hatukusikia pikipiki yetu inasemaje.

Kumbe Mukhwana, wakati Ojok anaoga nami nafunga nguo, alikuwa ameifungua. Aliingiza kidole, akakuta palipolegea, akadhani Ojok amesahau, akaikaza vizuri mpaka ikatulia. Simlaumu. Kampala nzima watu walikuwa wanataka kila kitu kinyamaze.

Ilianza kulia baada ya Lugazi. Mara ya kwanza ilikuwa kama mbu. Tulipoingia msitu wa Mabira ikawa kama mwanamke anayelia puani. Ojok aligeuza kichwa upande, si kwangu.

"Mama, mtu ameikaza."

"Simama basi uilegeze."

"Hapa hapana."

Nilielewa kwa nini nilipotazama. Kando ya barabara kulikuwa na viatu. Kiatu kimoja, halafu mbele kidogo kingine, cha mtu mwingine. Juu ya miti walikaa korongo wale wakubwa wenye upara, wala mizoga, wengi, na harufu ilitoka ndani ya msitu ikakaa nasi mwendo mrefu. Nilijifunika pua kwa leso. Nikawa naisikiliza ile cheni ikilia mpaka miti ikaisha.

Kwenye daraja la Jinja wanajeshi walikuwa wanashusha mizigo ya lori moja, dereva wake amelala kifudifudi barabarani. Walitupungia tupite. Tulinunua gonja, zile ndizi za kuchoma, kwa mama anaitwa Kawudha. Ojok alikula upande ule wa pikipiki, mimi upande huu, tumepeana migongo. Kawudha akauliza kama tumegombana. Nikamwambia mwanangu ana aibu. Sanduku la kushoto lilikuwa la moto, huwezi kuligusa.

JINJA MPAKA BUGIRI

Hatukufika mbali. Pikipiki ilianza kushtuka, inakwenda na kukataa. Palikuwa na miwa pande zote. Ojok akaisukuma kando, tukangoja chuma kipoe. Alitoa plagi, akafungua kifuniko. Nilikuwa nimeanza kuzungusha gurudumu wanajeshi wawili walipotoka kwenye miwa.

Mmoja alikuwa mwembamba, mwenzake alimwita Afande. Huyo mwingine aliitwa Sebi, na kabla ya salamu alikuwa ameshaingiza mkono kwenye kikapu changu anakula ndizi.

"Nyinyi nani?" akauliza yule mwembamba.

"Naitwa Wafula, afande. Huyu mama yangu, mugonjwa. Napeleka yeye nyumbani, Kenya."

"Pikipiki nani?"

"Ya tajiri yangu. Imekaza cheni ya ndani. Nalegeza tu, tunakwenda."

"Legeza. Mimi naangalia."

Akachuchumaa. Ojok akaendelea na kazi, nami nikazungusha. Kidole chake kilikuwa ndani, na nilimwona jasho linamdondoka juu ya tangi. Akahitaji spana ndogo, iliyokuwa kwenye kitambaa kwangu. Niliitoa, nikaiweka chini. Alingoja mkono wangu urudi, akaichukua. Alipomaliza na ile kubwa aliiweka chini, nami nikaiokota. Hatukufikiri. Mkono ulifanya wenyewe, kama siku zote.

Yule mwembamba alitazama spana, akatutazama. Akamwambia mwenzake, "Sebi, kwenda angalia barabara. Mbali." Sebi akaenda na ndizi zangu. Ndipo akasogea.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Huyu kijana umezaa wewe?"

"Nimemzaa mimi."

"Mimi iko na mama, Arua. Akitaka kitu napatia yeye mukononi." Aliinyooshea kidole ile spana. "Mama ya muke yangu, yeye ndiyo naweka chini."

Ojok aliacha kidole ndani ya shimo hivyo hivyo. Upepo ulipita kwenye miwa. Nilifikiri, sasa nimemuua kwa adabu.

"Bugiri iko barrier kwa barabara," akasema. "Koplo yake mutu ya kwetu. Macho yake mbaya kushinda yangu. Atauliza jina ya kwao, na yeye atasema nini?" Akakipiga kikapu teke kikaanguka. "Hii ya katikati, funga nyuma. Mushike."

Nilikiokota kikapu, nikakifunga nyuma, nikaishia hapo.

"Mama, mushike wewe, ama mimi namushika."

Wenzangu, mimi ni mtu mzima, nimezika mume na watoto. Nilikwenda nikazungusha mikono yangu kwenye kiuno cha mume wa binti yangu, mchana kweupe. Mgongo wake ulikuwa umelowa, na moyo wake niliusikia kwa shavu langu. Alikuwa anasema kitu kwa Kilangi, polepole. Sijui ni sala au ni kuniomba radhi.

"Siyo hivyo," akasema yule mwanajeshi. "Hivyo unashika muti. Shika mutoto."

Nikamshika mtoto.

Sebi aliporudi Ojok alikuwa amemaliza. Aliipima palipokaza, kama mara ya kwanza, akafunga. Alipowasha, ikasimama inapiga ka-ka-ka.

"Hii ya kwenu inalia kama debe," Sebi akasema.

"Ndiyo, afande," Ojok akajibu. "Sasa iko sawa."

Tulipokuwa tunaondoka nilimuuliza yule mwembamba anaitwa nani. Alisema, "Mama, usiulize mutu jina." Pikipiki ilipoanza kusogea, akasema, "Drani."

BUGIRI

Koplo alikuwa amekaa kwenye kiti cha ofisi katikati ya barabara. Pembeni wanaume wawili walikaa chini, mikono imefungwa nyuma kwa mashati yao wenyewe.

Alimtazama Ojok muda mrefu. "Wafula. Wafula ya wapi wewe, mweusi hivi?"

Sikungoja amjibu. Nilitia mate kwenye pembe ya leso yangu, nikamshika Ojok kidevu, nikamgeuzia uso wake kwangu, nikaanza kumfuta vumbi machoni. Nilimwona uso kwa karibu kwa mara ya kwanza. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Nekesa hakuwahi kuniambia.

"Nilikuambia uvae sweta," nikamgombeza. "Tangu Kampala nasema sweta. Kifua hiki ni cha marehemu baba yako, kikishika baridi nani atanipeleka nyumbani? Simama wima."

"Mama, watu wanaona," Ojok akasema.

"Waone."

Koplo akacheka. "Mukubwa hivi na mama anakupangusa kamasi. Kwenda, kwenda, kabla hajakupakata."

Tukapita. Mmoja wa wale wawili waliokaa chini aliinua kichwa akanitazama. Midomo yake ilisogea. Nilijua ananiambia jina. Pikipiki ilikuwa imeshaanza kwenda na sikulisikia. Katika majina yote niliyopewa njiani ni moja tu sina, na ni lile.

TORORO MPAKA MALABA

Tulikuwa tumepatana hivi. Mimi na karatasi zangu nipite mpakani kama watu. Yeye aache barabara kubwa kabla ya Malaba, afuate njia ya shambani mpaka kwa mtu anaitwa Ekisa, anayevusha watu mtoni kwa miguu. Ekisa alikuwa na sharti moja: ukifika kwake unazima injini papo hapo, wala husimami inanguruma.

Ojok alinishusha penye njia panda, karibu na kisima. Alifungua kikapu, akakiweka chini kama kawaida yetu, akarudi nyuma. Akakitazama. Kisha akaja, akakiokota, akanipa mkononi.

"Kondoo wa kutusafisha kwa mwiko tuliouvunja atakuwa juu yangu, mama."

"Utakuwa mgeni wangu," nikasema. "Kondoo ni wangu."

Akawasha, akaondoka. Nilisimama pale kisimani namsikiliza. Ilikuwa inakwenda vizuri, injini tu, cheni haina neno. Ilipita nyuma ya mahindi, ikawa ndogo. Halafu ikapunguza mwendo, na nikasikia ka-ka-ka-ka. Amesimama, na hajazima.

Kwa Ekisa angezima. Basi hakuwa kwa Ekisa. Alikuwa amesimamishwa na mtu, na yule mtu alikuwa anamuuliza maswali, kwa maana cheni ilipiga muda mrefu, mwendo ule ule, ka-ka-ka, kama njugu kwenye mkebe. Nilikuwa nimeshika kikapu na siwezi kukiweka chini. Ingekuwa imekazwa kama alivyotaka Mukhwana, mimi nisingejua kitu.

Kisha ikazimwa.

Nilingoja nisikie akiipiga teke iwake. Akina mama wa maji, Adeke na dada yake, walijaza madebe yao wakaondoka. Wengine wakaja wakajaza. Adeke aliporudi mara ya pili aliniuliza ninamngoja nani. Nikasema, mwanangu.

Nikavuka. Nilikaa upande wetu nikimngoja mpaka Ekisa mwenyewe alipovuka kuuza samaki. Alinisikiliza, akavua kofia. Alisema siku ile hakuna aliyefika kwake, na kwamba barabara ya shambani sasa ina wanajeshi. Pikipiki haikuonekana. Mtu hakuonekana.

NYUMBANI

Nekesa alijifungua msichana, mmemwona. Ana paji la uso la baba yake.

Nilimwita mzee Khisa, anayejua mambo haya, nikamweleza kwamba nimemshika mkwe wangu, nimemwona usoni, nimemfuta kwa mate yangu. Hakunikemea. Alisema ni kondoo tu wa kuchinjwa, tusimame wote wawili, tupakwe, yaishe. Nikamwambia mwenzangu hayupo. Akafikiri, akasema inawezekana kunipaka peke yangu, watu hufanya hivyo, mmoja akiwa amekufa.

Nikamwambia ale ugali wake aende.

Pikipiki zinazopita hapa kwenda sokoni hupunguza mwendo pale kwenye mtaro, Rodah, umeniona ninavyoacha mwiko kwenye chungu. Zote hunyamaza, ni pikipiki mpya. Basi Peresi, umeuliza nimekujibu. Simfugi. Kila asubuhi namkatia majani mwenyewe, na ninapompa siyaweki chini, nampa mkononi.